Wino wa Wengine

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uchaguzi nilipewa chupa ya wino. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Matinyani, Kitui, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na nilidhani nitaketi mezani niandike majina ya watu. Msimamizi wa kituo, mwalimu mkuu mstaafu aliyezoea kuongea akiwa amefumba macho, aliniita kando.

"Mwalimu, wewe kazi yako ni kidole," akaniambia. "Usiangalie mtu ni nani, usiangalie shati yake ni ya rangi gani. Akishatumbukiza kura, shika kidole, chovya, aende nyumbani."

Kidole chenyewe ni kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Wino huo haukubali sabuni wala mchanga, na ndiyo maana ukatumika, mtu asirudi kupiga kura tena. Basi kutwa nzima nilishika vidole. Vya wachimba mchanga, vya wasusi wa vyondo, vya wazee waliotetemeka nikalazimika kuwashika mkono mzima. Jioni vidole vyangu vyote vilikuwa vyeusi, ila kura sikuwa nimepiga.

Hapo ndipo penye kisa changu. Mimi ni mtu wa Tawa, upande wa Makueni, na nilijiandikisha kuwa mpiga kura nyumbani, katika shule niliyosomea mimi, ambako mama yangu amepiga kura miaka yote. Lakini kila uchaguzi ulipofika, nilikuwa kazini Kitui, na kura yako huipigi ila pale ulipojiandikisha.

Afisa aliyesimamia uchaguzi eneo zima, bwana mrefu mwenye haraka, alinishauri mara nyingi. "Mwalimu, si uhamishe kura yako ulete huku? Ni kitu ya dakika kidogo."

"Kura yangu iko nyumbani," nikamjibu.

"Na wewe uko hapa."

"Nitarudi."

Aliniona nina kichwa kigumu, na hakukosea. Nilipanda cheo, nikawa karani wa kukagua vitambulisho, kisha naibu, kisha msimamizi wa kituo, mwenye muhuri na ufunguo. Nilijifunza kutuliza mawakala, yaani watu wanaotumwa na wagombea kulinda kura zao, ambao wakishiba huwa wapole na wakikosa chai hugombania hata kiti.

Kituko nilichokuwa nikiwasimulia walimu wenzangu ni cha mtoto wa kofia nyekundu. Desturi yetu ni kwamba mama mwenye mtoto hapangi foleni. Siku moja mtoto huyo alipita kwangu amebebwa na mama mmoja mnene, baadaye na mwembamba, halafu na msichana aliyemshika kama gunia la ndengu. Nikainuka, nikachukua wino, nikamchovya mtoto kidole.

"Mwaitu, kwani huyu amepigia nani?" msichana akauliza, akiniita mama kwa Kikamba.

"Hiyo ni siri yake," nikasema, "lakini amemaliza. Asirudi hapa leo."

Foleni yote iliangua kicheko, na mtoto akajitia kidole mdomoni.

Baada ya kila uchaguzi nilienda Tawa kumwona mama. Yeye alininyooshea kidole chake kwa majivuno kabla hata ya salamu. Mimi nilimwonyesha mikono yangu yenye madoa, naye alitikisa kichwa. "Huo ni wino wa wengine," alisema. Nilicheka, lakini iliniuma. Nilijua anazidi kuzeeka, na niliogopa siku ambayo ningerudi nisimkute wa kunionyesha kidole.

Nilipostaafu ualimu nikahamia nyumbani. Uchaguzi ulipokaribia, yule afisa alinipigia simu. "Mwalimu, kuja utusaidie tu hii moja." Nilimwambia mwaka huu nina shughuli. Akauliza shughuli gani. Nikamwambia, "Napiga kura."

Tulitoka na mama asubuhi na mapema. Yeye walimpitisha mbele, akapiga, akaketi nje kwenye benchi kunisubiri. Mimi pia kijana mmoja aliniita bibi, "Susu, pita mbele," nikakataa. Miaka yote nilikuwa nikiitazama foleni kutoka mezani, na siku hiyo nilitaka kusimama ndani yake, jua linichome kama watu.

Nikafika kwenye mashine inayosoma alama za vidole. Kidole gumba, ikakataa. Cha pili, ikakataa. Chaki na jembe vilikuwa vimenilamba vidole vikawa laini. Nilifikiria mama kule nje, na nikaona aibu ya kurudi kwake na mikono mitupu.

"Pangusa na nguo, mwaitu, usiharakishe," karani akaniambia. Maneno hayo hayo nimewaambia watu wengi sana, na sikujua yanavyotuliza. Nikapangusa kwa leso. Kidole kingine, mashine ikalia, na picha yangu ikatokea.

Niliingia pale penye kizuizi cha kadibodi, nikaweka alama zangu taratibu, nikakunja, nikatumbukiza kila karatasi kwenye debe lake. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Kisha nikafika kwa msichana wa wino. Alinyoosha mkono, na mimi, kwa mazoea, nikamshika kidole nikakipeleka kwenye chupa.

"Mwalimu!" akacheka. "Leo ni chako."

Nyinyi mnaoenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, msione haya mkichanganyikiwa. Mimi nilichanganyikiwa, na nina wajukuu.

Nje, mama aliuvuta mkono wangu wa kushoto. Akatemea mate ncha ya leso yake, akasugua kile kidole, akakitazama, akasugua tena. Wino haukutoka. Ndipo akaweka kidole chake kando ya changu.

"Haya," akasema. "Sasa twende tukanywe chai."