Mgeni Harudishwi Hata kwa Wimbo

Mwenye nyumba wangu wa Xiaobei, hapa Guangzhou, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, na mkataba ulipokaribia kwisha alinipa sharti moja la kuendelea kukaa: wageni marufuku. Si wa kulala tu, hata wa kunywa maji. Alisema majirani wanalalamika kuona watu weusi wakipanda ngazi, kisha akanitazama kama aliyenifanyia hisani. Mimi nilikuwa nimeshazunguka na dalali kutafuta chumba kingine. Kila tulipogonga, mlango ulifunguliwa upana wa pua, wakaniona, wakasema meiyou. Hakuna. Neno hilo nimelizoea kule Shahe ninakonunua nguo za watoto, lakini sokoni ukiambiwa meiyou unahamia kibanda cha pili. Chumba si gauni. Nikamwambia mama yule nitafikiri.

Sikufikiri lolote. Nilikasirika tu.

Kwetu Bukoba mgeni akiingia, kabla hujamuuliza ya alikotoka, unamletea kahawa. Si ya kunywa, ya kutafuna. Buni huchumwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa juani, na mgeni hutiliwa chache kiganjani atafune huku mnazungumza. Tunaiita akamwani. Nyumba isiyo na akamwani ni nyumba ya aibu, hata kama ina bati jipya. Mama hunitumia kifurushi kila mtu wa nyumbani anapokuja kufunga mzigo, na huku Guangzhou sikuwa na kitu kingine chumbani ambacho hakikutengenezwa China. Sasa niambiwe nisipokee mgeni. Akamwani nimpe nani, jokofu?

Kifurushi hicho ndicho kilichonipatia rafiki. Alikuwa Mmeksiko wa ghorofa ya chini yangu, mnunuzi wa jinzi za Xintang, na tulielewana kwa Kichina cha kupatana bei na Kiingereza cha kwenye risiti. Siku ya kwanza alipokuja kwangu, kabla ya sharti lile, nilimwekea akamwani mezani, nikatoka kuanua nguo. Kurudi, nikamkuta ameimwaga yote kwenye sufuria na anaichemsha kwa mdalasini na sukari guru, kama wanavyopika kahawa kwao. Akaonja, akakunja uso.

"Dada," akasema kwa heshima, maana neno hilo nilikuwa nimeshamfundisha, "kahawa yenu imekufa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe baba yake naye ni mkulima wa kahawa, huko milimani kusini mwa nchi yao, na ushirika wao huuza kwa ile inayoitwa biashara ya haki, kama ushirika wa mama yangu. Tuliwacheka wote wanaobandika sura za wazazi wetu kwenye pakiti, wakitabasamu kama watu wasioumwa mgongo. Lakini haki yenyewe hatukuicheka. Nilimsimulia butura, jinsi walanguzi walivyokuja kwetu kununua kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kumnyonya mwenye njaa. Mwaka tulioishiwa kabisa mlanguzi alisimama uani kwetu, na mama akamwambia, "Ondoka na hela zako, maua yangu hayauzwi." Tulikula ndizi bila chumvi mpaka mavuno. Sijawahi kula chakula kwa kiburi kama kile.

Krismasi ilipokaribia, rafiki yangu akaniambia juu ya posada. Kwao, jioni za mwisho kabla ya sikukuu, watu huzunguka na mishumaa wakiigiza Yusufu na Mariamu wanaotafuta pa kulala. Walio nje huomba kwa wimbo. Walio ndani hukataa kwa wimbo. Huomba tena, hukataliwa tena, mpaka mlango wa mwisho ufunguliwe, watu waingie kula na kunywa. Chumba chake kilijaa marobota ya jinzi. Akaniomba mlango wa mwisho uwe wangu.

Nililijua sharti la mwenye nyumba. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jioni ile wakapanda ngazi na mishumaa yao, Wameksiko wachache na Watanzania wachache, pamoja na wakala mmoja wa mizigo kutoka jengo la Tianxiu, Mzanzibari, aliyekuwa ameshaapa kuwa nyimbo za kanisani haimbi ila mlango ataugonga. Akaugonga kweli. Wakaimba ubeti wa kwanza. Mimi nikafungua.

"Hapana!" rafiki yangu akapiga kelele. "Ukatae kwanza! Funga!"

"Nifunge na wageni wamesimama?"

"Ni mchezo tu, dada."

"Huo mchezo sichezi. Mimi nimeambiwa meiyou mtaa mzima. Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."

"Jamani, tufungieni au tutieni ndani," akasema Mzanzibari, "miguu yaniuma."

Hapo king'ora kikalia ngazini. "Buxing! Buxing!" Haiwezekani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yao, kidole juu. Rafiki yangu akamgeukia, na nikaona macho yake yakiwaka. Mkataaji alikuwa amepatikana. Akainua mshumaa, akamwimbia ubeti wa pili.

"Buxing!"

Wakamwimbia wa tatu, safari hii wote, na hata Mzanzibari midomo ilicheza. Mama yule akakataa tena, sawasawa kama wimbo unavyotaka. Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa hachezi.

Akawapenya, akaja mpaka mlangoni pangu. "Ukiwaingiza hawa, hakuna mkataba."

"Buxing," nikamjibu. Nikawaambia wapite, wakapita mmoja mmoja mbele ya macho yake, na kila mmoja nikamtilia akamwani kiganjani. Yeye nikamnyooshea za mwisho. "Nyumba ni yako," nikamwambia, "lakini aliyesimama mlangoni ni mgeni." Akazitazama buni zile, akaficha mikono nyuma. Kwetu hilo ni tusi. Nikalimeza, nikaingia kwa watu wangu.

Nilihama mwisho wa mwezi, nikaenda kupanga mbali, karibu na viwanda vya Xintang, chumba chenye ukungu ukutani. Nililia nikifunga mizigo, sitadanganya. Nikampigia mama nikamwambia nimefukuzwa, nikamweleza yote.

Akaniuliza, "Wageni walitafuna?"

"Walitafuna, mama."

"Basi hukufukuzwa. Umehama."

Nikafuta uso, nikamwambia atume nyingine, ile imekwisha.