Siku Nilipofungua Bolti Zangu Mwenyewe

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikiwa kijana ambaye mji mzima wa Dodoma ulianza kumjua kwa spana yake. Leo unaniona na gereji yenye geti la chuma na vijana wanaoniita Bosi, ukadhani nilizaliwa hivi. Shule niliishia darasa la nne, kule kwetu karibu na Mpwapwa, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini niletee gari lolote, hata ambalo waliolitengeneza wameshafariki, nitakwambia linaumwa wapi kabla hujazima injini. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa redio na mashuka ya maua, na bandarini yanashuka magari ambayo hata majina yake hatukuweza kuyatamka. Ndipo Hajji Ramadhani, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kondoa, akaingia gereji kwetu na nyumba inayotembea.

Ndiyo, nyumba. Gari kubwa kama basi, ndani lina kitanda, jiko, kabati na choo. Alilinunua ili msimu wa mahindi alale humo pale Kibaigwa, yeye na mkewe Mama Zuhura, wasigombanie vyumba vya wageni na madalali. Ila kilichotutoa macho ni ubavu wake. Ukibonyeza swichi, kipande cha ukuta kinatoka nje, kinasukumwa na mota juu ya reli, na kitanda kinatoka nacho, chumba kinapanuka. Ukibonyeza upande wa pili, ukuta unarudi ndani, kitanda kinasogea mpaka karibu kiguse kabati, na gari liko tayari kwa safari.

Sasa, barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa mawe na vumbi. Ilililiza gari lile mpaka bolti zinazokishika chumba kwenye reli zikalegea. Ukuta ukawa unacheza kama jino bovu, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na chumba kikirudi ndani kinakwamakwama, kinagoma, mpaka Hajji ashuke akisukume kwa bega.

Bosi wangu enzi hizo alikuwa Fundi Saidi, mzaliwa wa Majengo, mtu wa maneno machache. Alichungulia chini ya gari, akaniambia, "Usikaze tu. Zitoe, uangalie matundu yake." Akanikabidhi kazi.

Nilizitoa. Matundu yalikuwa yamepanuka, bolti zinazunguka bure. Nikakata mabamba ya chuma nikayaweka nyuma yake, nikatoboa upya, nikatia bolti nene zaidi, vile visahani vya chuma viitwavyo washa, na nati mbili kwa kila bolti. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mwanangu, kazi ile ilikuwa nzuri. Nasema tena, nzuri. Ndiyo maana ikakaribia kuua.

Nilipotoka uvunguni nilitaka kukaa kwenye ngazi ya mlango nipumzishe mgongo. Pale ngazini palikuwa na kandambili za kike. Nikazisukuma kwa mguu, zikaangukia chini ya gari. Nikakaa, nikafuta jasho.

Watu walikuwa wamejaa. Madereva, wauza mihogo, mafundi viatu wa jirani, wote wanataka kuona ukuta unaotembea. Fundi Saidi alikuwa ameenda msikitini, alasiri imeingia. Hajji alisema yeye ni msafiri, ataswali baadaye. Kwa kweli alitaka kuwaonyesha watu gari lake.

"Fundi, limepona?" akaniuliza.

"Bonyeza, Hajji. Kikicheza tena, nikate mkono."

"Wewe, usiuweke rehani huo mkono!" dereva mmoja akapiga kelele. "Hata mke hujapata!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hajji akasogea kwenye swichi iliyo pembeni ya mlango, akaita, "Mama Zuhura! Upo humo?"

Kimya.

"Huyo yuko sokoni," akasema. "Akishika khanga haachii." Akabonyeza.

Chumba kikaanza kurudi. Taratibu, kimenyooka, hakitetemeki, hakigomi. Umati ukasema "Eheee!" Nikasikia raha ambayo siwezi kukueleza. Mara, kutoka ndani, tukasikia makofi. Pa! Pa!

"Kumbe mama yumo!" yule dereva akasema. "Hata yeye anakupigia makofi, fundi!"

Humo ndani, upande wa mbele, kulikuwa na viti, tukadhani amekaa huko anatazama. Hajji anacheka, kidole bado kiko kwenye swichi. Mimi, mwanangu, niliinua spana juu nikainama kama mtu aliyepewa zawadi.

Pa! Pa! Pa!

Fundi Saidi alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, kofia kichwani. Sijawahi kumwona mzee yule akikimbia, si kabla wala baada ya siku ile.

"Zima! Zima! Anaswali huyo!"

Mimi nimelelewa kanisani, sikulijua jambo hilo. Mwanamke wa Kiislamu akiwa kwenye swala hazungumzi; akitaka kumzindua mtu, hupiga kofi. Hajji alilijua toka utotoni. Uso wake ukawa kama majivu. Akatoa kidole, kisha kwa kiwewe akabonyeza tena, upande ule ule. Kitanda kikasogea zaidi, na hapo tukasikia ukelele ambao mpaka leo ukipita masikioni mwangu naacha ninachofanya.

Nilirukia betri, nikang'oa waya kwa mkono mtupu. Mota ikanyamaza. Tukaingia.

Alikuwa akiswalia sakafuni, kati ya kitanda na kabati. Kitanda kilikuwa kimembana paja kwenye kabati, na khanga yake imeingia chini ya fremu. Hakuweza kuinuka wala kugeuka.

Waya ulikuwa umekatika, swichi haina kazi tena. "Sukumeni!" Hajji analia. Wanaume tukasukuma ule ukuta kwa mabega, vifua, vichwa. Haukusogea hata unywele. Na mwanangu, hapo ndipo akili iliponijia. Asubuhi ya siku ile, kabla sijakikaza, chumba kile kingemgusa tu kikakwama chenyewe, angekisukuma kwa mkono akainuka. Mimi ndiye niliyekipa nguvu.

Nikatambaa uvunguni na spana kufungua bolti zangu mwenyewe. Zilikataa. Nati mbili kwa kila bolti! Nasikia mama wa watu anaugulia juu ya kichwa changu, "Ya Rabi, ya Rabi," na mimi nimening'inia kwenye bomba, machozi na grisi vimechanganyika. Niliona kwa macho yangu jinsi nilivyo fundi mzuri, na nilitamani nisingekuwa. Ya mwisho ilipoachia, wenzangu wakausukuma ukuta nje, wakamtoa.

Mguu ulikuwa umevimba, lakini mfupa ulipona. Walimkalisha ngazini. Akawa anapapasa chini kwa mguu mzima.

"Viatu vyangu nilivivua hapa. Viko wapi?"

Nikaingia uvunguni nikavitoa.

"Nani alivisukuma huko?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo." Sijui hata kwa nini nilimwamkia wakati ule.

"Marahaba. Ulipovisukuma, ulidhani vimekuja vyenyewe?"

Hajji akaanza kunifokea, kijana gani huyu, fundi gani huyu. Mama Zuhura akamkata. "Nyamaza, baba Zuhura. Uliniita mara moja tu. Ungekuwa unataka chai, ungeita mara ngapi?"

Hajji aliinama akaanza kumvalisha mkewe viatu, mbele ya watu wote.

Baada ya siku chache Mama Zuhura alirudi, mguu umefungwa bandeji, anaegemea fimbo. Nilikuwa nimezikaza bolti upya, vile vile, kwa nguvu ile ile, maana ulegevu si dawa. Nilidhani amekuja kunilaani. Akaniambia, "Ingia, kaa pale nilipokuwa."

Nikaingia, nikapiga magoti sakafuni. Swichi akaishika yeye. Ukuta ukaja. Mwanangu, ukiwa nje kile ni chumba kinachotembea, kinapendeza. Ukiwa ndani ni kitu kisichokujua. Nilikiona kitanda kinakuja hakina haraka wala huruma, nikajibana kwenye kabati. Kikanigusa ubavu. Kikasimama.

Akachungulia mlangoni. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi. Sasa wewe ni fundi."

Mwanangu, utakaza mengi maishani. Utatengeneza magari, nyumba, biashara, pengine utapewa hata watu uwaongoze. Kaza sawasawa, sikufundishi ulegevu. Ila ujue kila unachokiimarisha umekipa nguvu ya kusaidia na ya kuumiza, na chenyewe hakitachagua. Kabla hujabonyeza, ingia ndani uone kwa macho yako nani yumo. Usiite mara moja ukatosheka na kimya, kwa maana wako watu ambao kwa wakati huo hawawezi kukujibu. Na watu wakikushangilia, hapo ndipo usikilize kwa makini zaidi.

Mungu aliyeuhurumia mguu wa mama yule akuhurumie na wewe. Aibariki mikono yako, ipate kazi na ipate sifa, na pasiwe na mtu hata mmoja atakayelia kwa sababu ulijua kazi yako. Amina.