Mtande wa Nan Feliciana

Hapa San Juan, kijijini kwetu kando ya ziwa, hakuna asiyejua kwamba Nan Feliciana Cholotío, nan kwetu ni mama wa kuheshimiwa, hampendi mtu kirahisi. Mbwa wa jirani anamkwepa. Padre mwenyewe akipita mlangoni kwake hupunguza mwendo na sauti. Na mkazamwana wake, Anastasia, sisi tunamwita Tasia, aliingia katika nyumba ile akijua wazi kwamba kwa mavyaa huyu hatakaa aitwe kwa jina lake.

"Wa ng'ambo," ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi. Tasia kazaliwa Panajachel, upande wa pili wa ziwa, wanakosema Kikaqchikel, na Kitz'utujil chake, lugha yetu ya hapa, mpaka leo kina lafudhi ya kuchekesha. Lakini lafudhi si kitu. Kosa lake kubwa ni kwamba hajui kufuma. Mwanamke mzima, mama wa watoto, hajui kufuma! Alijaribu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alijifunga mkanda wa kufumia mgongoni, akapiga magoti mbele ya mparachichi uani kama wanawake wenzake, akahangaika wiki nzima. Kile kitambaa Nan Feliciana alikigeuzageuza mkononi, akakipeleka jikoni kushikia sufuria ya moto. Bado kipo.

"Huyu Mungu kampa domo," husema mbele ya watu, Tasia akisikia. "Basi. Na domo halijafuma hata shati la mwanasesere."

Kwa domo hilohilo Tasia akawa mwongoza wageni. Asubuhi huvuka ziwa kwa boti ya kwanza, akawapokea wazungu wake kwenye gati ya Panajachel, akawaleta huku. San Juan wawaone wafumaji. Santiago wamwone Mzee Maximón, sanamu ya mti inayoombwa kama mtakatifu, amekaa na sigara yake mdomoni, wale na samaki. Kisha awarudishe kabla upepo wa mchana, Xocomil, haujaanza kulivuruga ziwa. Tangu gatini mpaka gatini maneno hayamwishi, wala wageni hawamchoki. Mimi nimemsikia mara nyingi, na yale ninayoyajua tangu utoto hunifanya nisimame nisikilize tena.

Sasa, huyo Nan Feliciana, na ukali wake wote, sisi tunamheshimu kuliko tunavyomwogopa. Mumewe alichukuliwa wakati wa vita akitoka kwenye shamba lake la kahawa, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha alikolazwa. Alibaki na watoto wadogo na vijiti vya kufumia. Akafuma. Wakati ule wanawake wa hapa walikuwa wameshaacha rangi za bibi zao, wananunua nyuzi za dukani. Yeye akaanza kupanda milimani kutafuta magome, akachemsha, akakosea, akachemsha tena, mpaka akazipata rangi zisizochuja. Nyeusi, nyekundu ya wadudu wa mpungate, bluu ya nili, kijani cha majani ya kichaka cha chilca. Aliwakusanya wajane wenzake wakafungua chama chao cha wafumaji. Nusu ya wanawake wa kijiji hiki walijifunza mtande, ule upangaji wa nyuzi kabla ya kufuma, magotini pake, na wachache sana ndio hawakupigwa kibao cha mkono.

Katika chama chao kuna jamvi la mbele, pale mlangoni, ndilo wageni wanaloliona kwanza. Hapo hukaa mfumaji anayetanda nyuzi mbele ya watu, na tangu siku ya kwanza amekaa Nan Feliciana. Kuna na sheria, tena aliitunga yeye mwenyewe: anayeanza kukosea mtande huondoka mbele, huenda uani kuchambua pamba. Aliitumia sheria hiyo kwa dada yake wa tumbo moja. Dada akamnunia mpaka Kwaresima ikapita.

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa kwa nini Nan Feliciana hakumwambia mtu yeyote kwamba haoni.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tasia ndiye aliyegundua, siku alipomkuta mavyaa wake jikoni akinusa donge moja la uzi baada ya jingine. Nyuzi zikiwa mpya kila rangi ina harufu yake, lakini zikishafuliwa zote hunuka sabuni. Baadaye, kwa upole kabisa, Tasia alitaja kwamba mjini Sololá kuna daktari, mtoto wa jicho anatolewa na mtu anarudi nyumbani.

"Nani ana mtoto wa jicho?" akauliza Nan Feliciana.

"Watu tu, mama."

"Basi watu na waende."

Yakaishia hapo. Ila tangu siku hiyo, kabla hajateremka kwenda botini, Tasia hupitia kapu la mavyaa wake na kuyapanga madonge kwa mfuatano wa michirizi ya mtande: nyeusi kwenye kishikio cha kapu, halafu nyekundu, halafu bluu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na kila asubuhi huulizwa swali lilelile.

"Nani kagusa kapu langu?"

"Paka, mama."

"Paka huyo ana adabu kuliko watu wengine humu ndani."

Hivyo ndivyo walivyoishi, mmoja hasemi na mwingine hashukuru, na michirizi ikitoka sawa. Lakini wasiwasi ulikuwa umeshamwingia Tasia. Jumapili moja sokoni, Eulalia, mwenyekiti wa chama, alimvuta kando.

"Mavyaa wako jana kanipita njiani hakunisalimu."

"We Eulalia, mama anamsalimu nani?"

"Mimi hunisalimu tangu nikiwa mtoto. Hunigombeza, lakini ndiyo salamu yake. Jana kanipita hivi, bega kwa bega." Akamtazama Tasia usoni. "Anaona vizuri kweli?"

"Anaona kuliko wewe," akasema Tasia, akajifanya anachagua nyanya.

Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa taabu. Alimjua mavyaa wake. Mumewe alimzika moyoni bila kaburi, watoto wakaoa na kuolewa, na kilichobaki chake peke yake ni lile jamvi. Ukimwondoa hapo ukampeleka uani na pamba, angekwenda bila neno, kwa kuwa sheria ni yake, na asingemaliza mwaka.

Ikaja siku yenyewe. Tasia alipanga kapu kama kawaida, akavuka, akarudi na wageni wake: bibi mmoja mwenye mvi aliyekuwa mwalimu huko kwao, mumewe mrefu mwenye kamera kubwa, na wengine kadhaa. Alipanda nao kilima akisimulia na kucheka. Alipofika mlangoni pa chama kicheko kikamkauka.

Kapu halikuwapo. Mbele ya Nan Feliciana kulikuwa na ungo mpana, mpya, na madonge yote yamemwagwa humo, rangi zimechanganyika, zinapendeza macho. Nan Feliciana alikuwa amepiga magoti kando ya ubao wa vigingi, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya ungo. Mkono huo haukuwa ukienda popote. Na Eulalia alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mmefika wakati mzuri," akasema Eulalia. "Nan ndiyo kwanza anaanza kutanda. Ule mtande wa zamani wa shali, wenye rangi zote."

Tasia aliyatazama macho ya mavyaa wake. Hayakuonyesha kitu. Lakini kidevu kilikuwa kinatetemeka kidogo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kitu chochote cha mwanamke yule kikitetemeka. Aliona huruma, halafu akaona hasira, kisha akakumbuka kwamba yeye ana kitu kimoja tu duniani anachokiweza.

"Wageni wangu," akasema kwa Kihispania, sauti juu, "leo mna bahati. Leo nitawasimulia kwanza kwa lugha ya hapa, muisikie ilivyo tamu, halafu nitawafasiria."

Bibi mwenye mvi akapiga makofi. Tasia akavuta pumzi, akageukia Kitz'utujil.

"Nyeusi, mama. Ukingoni, mkono wa kushoto."

Mkono ukabaki pale pale. Kisha mkono ukashuka, ukaenda kushoto, ukagusa ukingo wa ungo, ukainuka na uzi mweusi.

"Mfumaji huanza na nyeusi," Tasia akawaambia wageni, "ni rangi ya magome, huchemshwa asubuhi mpaka jioni..." Na uzi ukaanza kwenda na kurudi kwenye vigingi. Hapo hakuhitaji msaada wa mtu. Vidole vile vilihesabu vyenyewe, vyepesi, bila kukosea kigingi hata kimoja, na wageni wakanyamaza wote. Tasia mwenyewe alisahau kusema, akabaki anatazama. Alikuwa ameishi na mikono ile nyumba moja na hajawahi kuichoka.

"Nyekundu. Katikati, juu ya nyingine zote."

Nyekundu ikachukuliwa.

"Bluu iko chini ya hiyo, isogeze. Siyo hiyo. Hiyo, hiyo."

Nan Feliciana akanong'ona jambo bila kugeuza kichwa.

"Anasemaje?" akauliza bibi mwenye mvi.

Alichosema ni kwamba lafudhi ile ingemfanya hata mbuzi acheke. "Anasema karibuni San Juan," akajibu Tasia.

Wakaenda hivyo, mchirizi baada ya mchirizi. Tasia hakuthubutu kumtazama Eulalia. Eulalia si mzungu. Kila neno alilielewa. Alikuwa anasikia pale pale mlangoni jinsi mwalimu wake anavyotajiwa rangi kama mtoto, na alikuwa hajasema kitu bado.

Halafu yule mume mrefu akasogea mbele apige picha ya karibu. Akachuchumaa sawasawa kati ya Tasia na ungo.

"Bwana, samahani, sogea kidogo."

Bwana akadhani anaombwa ageuke wapigwe picha pamoja. Akatabasamu, akajipanga vizuri zaidi. Tasia akajaribu kuchungulia huku, akajaribu kule, haoni kitu ila mabega. Mkono wa Nan Feliciana ulining'inia juu ya ungo, ukasubiri, ukasubiri, halafu kwa kiburi chake ukaanza kushuka wenyewe, juu ya njano.

"Kijani, nan." Sauti ilitoka mlangoni. "Kulia kwako, kando ya goti."

Alikuwa Eulalia. Mikono haikuwa tena kifuani, ilikuwa imefunika mdomo.

Mkono wa Nan Feliciana ukasimama. Ukaiacha njano, ukaenda kulia kando ya goti, ukachukua kijani.

Mtande ulipokwisha, Eulalia alikuja akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya michirizi yote toka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama alivyofundishwa utotoni.

"Mtande hauna kosa," akasema.

"Nani kamwaga kapu langu?" akauliza Nan Feliciana.

"Mimi, nan. Nilitaka wageni wapate picha nzuri. Haki ya Mungu, sikujua kwamba ni kiasi hiki."

"Nilikufundisha kufuma. Akili nilidhani utakuja nayo kutoka kwenu."

Eulalia akacheka huku machozi yanamtoka. "Kesho kapu litakuwa mahali pake. Na sheria yako, nan, nimeifikiria hapa nilipo. Inasema anayekosea mtande. Haisemi kitu juu ya macho."

Nan Feliciana akaanza kukusanya madonge mapajani mwake, moja moja.

Kutoka gatini mwenye boti alikuwa anapiga kelele kwamba upepo unakuja, kama Santiago hawaitaki waseme. Tasia akawahimiza wageni wake, akachukua mfuko wake, akatoka nao haraka. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za mawe alipoitwa.

"Tasia!"

Akageuka. Alifikiri ni Eulalia, lakini Eulalia alikuwa ndani. Nan Feliciana alikuwa bado kwenye jamvi lake mlangoni, uso ameuelekeza upande wa ngazi, mbali kidogo na pale Tasia aliposimama.

"Naam, mama."

"Mwambie yule paka," akasema Nan Feliciana, "kesho aseme polepole."