Laini ya Marehemu Jotham

Jotham alizikwa kwake Saboti mwaka juzi, mwezi wa tatu, lakini hadi leo anapongezwa. "Hongera, Bwana Jotham! Umechaguliwa!" Amechaguliwa kukata bima ya maisha, jamani. Amechaguliwa kuletewa sola, mbegu, ploti. Siku ikiwa nzuri simu ni tatu, ikiwa mbaya ni sita, na zote hupokelewa na mjane wake, Chepkosgei, akihema kwa mbio alizokuja nazo.

Utasema, si aizime simu tu? Au aachane na namba asizozijua? Majirani walisema hivyohivyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwanawe wa pekee, Kigen, alivuka mpaka pale Lwakhakha kutafuta kazi ya kupakia mizigo Uganda. Siku moja akapiga kwa simu ya kuazima. "Mama, nimeibiwa simu na kila kitu. Namba ya baba ndiyo pekee iko kwa kichwa. Usiitupe hiyo laini, nitapiga." Ikakatika. Chepkosgei alipoipigia namba ile, mwenye simu akasema kijana alimwomba simu barabarani tu, hamjui. Ni mwaka na miezi miwili sasa.

Kwa hiyo kila namba ngeni ni Kigen, mpaka iseme neno. Chepkosgei ameacha ng'ombe katikati ya kukamua. Ametoka kanisani mchungaji akiwa bado anaomba. "Kigen?" "Habari yako, naongea na Bwana Jotham?" Moyo unapanda, moyo unashuka. Ukifanyiwa hivyo kila siku lazima uugue, na mwenzetu aliugua kweli. Usingizi ulimkimbia kabisa.

Namba waliipata wapi? Jotham alihudhuria semina ya mbegu katika hoteli moja ya Kitale, ikapitishwa karatasi, akaandika jina na simu kwa ule mwandiko wake wa kujivunia. Karatasi ikauzwa, ikauzwa tena. Yeye mwenyewe aliambulia soda moja, tena ya moto.

Juzi maji yakamfika shingoni. Msichana mmoja alipopiga, Chepkosgei hakumfokea. Alimweleza habari ya Kigen yote, akamwomba amwambie tu ofisi yao iko wapi. Msichana akanong'ona: Bungoma, juu ya duka la mabati, karibu na msikiti.

Alitoka alfajiri na cheti cha kifo kwenye mkoba. Alianzia Kitale, kwenye duka la huduma za simu, akitaka laini iandikwe kwa jina lake. Karani akatazama kompyuta. "Mzee aliandikisha Kigen kama mrithi. Aje mwenyewe na kitambulisho, ndipo nipokee cheti." Chepkosgei akacheka kicheko kibaya, akaendelea na safari.

Bungoma alikuta vijana kumi na wawili mezani, wote wakipongeza watu. Yule aliyenong'ona, Chepkosgei alimtambua kwa sauti. Aliitwa Mulki, msichana wa mjini hapo, mwenye hijabu ya kijani.

"Mama Kigen? Ni wewe kweli? Keti, mama, nikuletee maji." Aliporudi na maji akasema, "Siku hizi kuna sheria. Mtu akikataa kupigiwa, ni lazima tumfute kwenye orodha."

"Basi nifute, mwanangu. Nimechoka."

Ikabidi aitwe msimamizi, Nderitu. Afadhali angekuwa mtu mbaya, tungemtukana tukapoa! Aliketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sheria inataka mwenye namba ndiye akatae," alisema. "Mwenye namba ni Jotham."

Chepkosgei akaweka cheti mezani. Nderitu akakisoma, akajikuna shingo.

"Mama, hiki nikikipokea, lazima nikitume kwa kampuni ya simu. Na wao wakijua mwenye laini amekufa, wanaifunga."

"Wanaifunga aje?"

"Haipigiki tena. Mtu akipiga, anaambiwa namba hiyo haiko."

"Na nisipokupa?"

Nderitu akatazama chini. "Basi Bwana Jotham bado ni mteja."

"Bosi, si tumfute tu kimyakimya?" Mulki akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nifute hapa, halafu? Hiyo orodha iko kwa ofisi ngapi? Hata mimi sijui."

Hapo simu ikalia ndani ya mkoba. Namba ngeni. Chepkosgei aliivuta kwa mikono miwili, nusura aiangushe. Mulki akasimama. Hata wale vijana wa karibu wakageuka.

"Kigen? Kigen, baba, ni wewe?"

"Habari ya mchana!" Ilikuwa sauti ya kijana mchangamfu, wa ofisi nyingine kabisa. "Naongea na Bwana Jotham?"

Chepkosgei akakitazama cheti pale mezani, mkono wa Nderitu ukiwa karibu nacho. Akakinyakua, akakikunja, akakisukuma kifuani ndani ya blauzi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Jotham yuko," akasema. "Ni mzima kabisa, ameenda shamba tu. Piga tena kesho."