Kufuli la Nukta Tatu

Fundi kufuli ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Funguo alikuwa na miaka thelathini na minane, vidole vilivyojaa grisi hadi kwenye kucha, na kinyongo. Kinyongo hicho alikibeba tumboni kwa miezi tisa, na kama mimba yoyote, siku zake zilikuwa zimetimia.

Kabla ya kinyongo alikuwa mwanamke wa kawaida tu. Kila asubuhi alipanda pikipiki yake na kwenda kilomita kumi na moja, kutoka nyumbani hadi kibandani kwake, akiipenya foleni ya barabara kuu. Kazi yake ilikuwa kuchonga funguo, kufungua makabati yaliyogoma na kuunda makufuli kwa mkono, kila moja likiwa na alama yake: nukta tatu zilizogongwa chini ya tundu la ufunguo. Mafundi wa mji ule walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Fundi hafungui kufuli la fundi mwenzake. Mteja akileta kufuli lenye alama ya mwingine, anaelekezwa kwa mwenyewe, hata kama mafundi hao wawili hawasalimiani.

Kuendesha pikipiki alifundishwa na mumewe. Bwana huyo, aliyeitwa Mwalimu na kila mtu pamoja na mke wake, alikuwa amefundisha nusu ya waendesha pikipiki wa mji ule.

"Foleni haipenywi kwa ubabe," alizoea kuwaambia wanafunzi wake. "Nenda kwa mwendo wa mtu anayekimbilia mvua isimnyeshee, usizidishe hapo. Vidole viwili viwe kwenye breki daima. Usitazame taa za magari, taa husema uongo. Tazama gurudumu la mbele, maana gari halihami kabla gurudumu halijageuka. Tazama kichwa cha dereva kwenye kioo cha pembeni. Kichwa kikiinama, huyo hayupo barabarani. Na ukiona lori kulia na basi kushoto, subiri. Hapo katikati si njia, ni kaburi lenye lami."

Mama Funguo alipenda kuwatania wageni kuhusu masomo hayo. "Alinifundisha breki vizuri sana," angesema, "lakini yeye mwenyewe alipofika kwangu zikamkatalia."

Kisha ikaja asubuhi ya mlango.

Mwalimu alikuwa akipita taratibu katikati ya safu mbili za magari yaliyosimama, karibu na taa za makutano makubwa. Mlango wa gari moja la rangi ya zambarau ukafunguka ghafla mbele yake. Hakukuwa na gurudumu la kutazama wala kichwa kilichogeuka. Aliangukia mkono wa kushoto, ule wa klachi, na kiwiko kikavunjika sehemu tatu. Dereva alishuka, akatoa kitambaa mfukoni na kufuta ukingo wa mlango wake. Kisha akamtazama Mwalimu pale chini.

"Mnajipenyeza kama panya, halafu mkikanyagwa mnalia!" akasema. Taa zikaruhusu. Akaingia garini, akaenda zake.

Watu waliomwinua Mwalimu hawakuwa wameona lolote, lakini walijua kila kitu. "Mwendo kasi huo," walisema. Muuguzi naye akasema hivyo hivyo. Hata shemeji yake Mama Funguo, aliyekuja na matunda kumpa pole mgonjwa, alitikisa kichwa na kusema, "Pikipiki hizi, jamani! Kaka, ungekwenda polepole tu."

Kiwiko kiliunga vibaya. Vidole vya kushoto havikuweza tena kukunja klachi, wala kubana kalamu. Mwalimu akawa anakaa kibandani na mkewe, akipiga tupa kwenye funguo kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukilala juu ya meza kama kifaa cha mtu mwingine. Lakini kilichomuumiza Mama Funguo si mkono. Ni siku ile mumewe aliposimamisha tupa katikati ya kazi na kusema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, labda kweli nilikuwa na kasi."

"Ulikuwa na kasi?"

"Sijui. Watu wote wanasema. Huenda nimesahau."

Mama Funguo aliiweka nyundo chini. Mtu yule alikuwa amemvunja mumewe kiwiko, sawa, mifupa huvunjika. Lakini sasa alikuwa amemwibia hata anachokijua. Mtenda hutenda akasahau, mtendwa hasahau. Huyu mtendwa wake alikuwa amefika mahali pa kujitilia shaka. Tangu siku hiyo akataka jambo moja tu duniani: yule dereva asimame mbele ya Mwalimu na aseme kwa kinywa chake, "Mimi ndiye niliyefungua mlango." Na kabla hajasema, akione cha mtema kuni.

Alikuwa na ushahidi mmoja. Asubuhi ile Mwalimu alipelekwa hospitali na gazeti kifuani. Kila mtu alidhani ni lake, lakini yeye hakununua magazeti. Mama Funguo alilihifadhi kwenye droo, na alipolitoa na kulitafakari vizuri, lilimwambia kitu. Gazeti lilianguka kutoka mkononi mwa dereva. Mtu anayenunua gazeti kwenye foleni hushusha dirisha. Kwa nini huyu alifungua mlango?

Kesho yake alisimamisha pikipiki kwenye makutano yale na kumfuata muuza magazeti, mama mnene aliyepita kati ya magari kama meli bandarini.

"Dada, unamjua mteja wa gari la zambarau anayefungua mlango kununua gazeti?"

"Namjua sana! Dirisha lake lilikufa zamani. Nikamwambia, baba, litengeneze. Akaniambia anasubiri kifaa halisi kutoka nje, gari lake haliwekwi takataka. Gari anaoga nalo yule!" Akacheka. "Jumatatu na Alhamisi, saa moja na nusu, safu ileile. Ukimkosa, ujue amekufa. Mume wako nini?"

"Mungu apishe mbali," alisema Mama Funguo.

Akambatiza jina la Bwana Gazeti, na Jumatatu iliyofuata alimwona. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, gari linang'aa kama jino jipya. Dhamira yake ya kwanza ilikuwa rahisi: kukivunja kioo chake cha pembeni kwa nyundo ndogo ya kugongea pini, kisha atokomee katikati ya magari. Akaja kutoka nyuma, nyundo mkononi, macho yamekigandia kile kioo. Hakuona gurudumu, hakuona kichwa, hakuona hata lami. Aliona kioo tu, kinakua, kinakua.

Hilo ni kosa ambalo Mwalimu huwakanya wanafunzi siku ya kwanza kabisa: pikipiki hufuata jicho. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Pikipiki ya Mama Funguo ikaanza kukata kona yenyewe kuelekea gari la zambarau. Alipozinduka na kukamata breki, mkono mmoja ukiwa na nyundo, alilala chini pamoja na pikipiki, hatua mbili kutoka kwenye ule mlango.

Bwana Gazeti aligeuza shingo, akamwona mwanamke chini, akapiga honi mara moja. Kisha akafungua ukurasa wa michezo.

Jioni Mwalimu alipitisha kidole kwenye mkono wa breki uliopinda. "Ulikuwa unatazama nini?"

"Kioo."

"Cha nani?"

Mama Funguo akaanza kufuta grisi vidoleni. Mwalimu akasema, "Ukitaka kupita pembeni ya kitu, tazama unakokwenda. Kitu chenyewe kiache kikae pembeni."

Mama Funguo alilichukua somo hilo kama mwanafunzi mzuri, ila hakulitumia alivyokusudia mwalimu wake. Kwa siku kumi aliunda kufuli. Lilikuwa zito, lenye pini saba ndani badala ya tano za kawaida, na chini ya tundu akagonga nukta tatu. Alitafuta mnyororo wa chuma kigumu, akauvika ala ya turubai usikwaruze rangi, maana hakutaka mtu yule apate la kulalamikia. Kabati la kibandani lilikuwa na milango miwili yenye vishikio. Alifanya mazoezi hapo: pitisha, vuta, bana. Mwanzo sekunde ishirini. Mwisho nane.

"Unalifunga kabati, lina nini?" aliuliza Mwalimu.

"Adabu," akajibu.

Alhamisi ikafika. Alipenya foleni kama alivyofundishwa, mwendo wa mtu anayekimbia mvua, vidole viwili kwenye breki, macho mbele kwenye taa nyekundu. Gari la zambarau aliliacha likae pembeni. Mlango ulifunguka, gazeti likanunuliwa, mlango ukafungwa. Bwana Gazeti akainamisha kichwa. Hayupo barabarani.

Mama Funguo akasimama ubavuni pake. Pitisha kwenye kishikio cha mbele, vuta hadi cha nyuma, bana. Kufuli likalia *tak*.

Bwana Gazeti akainua uso. Akasukuma mlango, ukatoka upana wa kidole, ukagoma. Akabonyeza kitufe cha dirisha, akakibonyeza tena, kwa mazoea ya kusahau. Midomo ikawa inacheza nyuma ya kioo kama samaki kwenye chupa. Muuza magazeti alishika tumbo kwa kicheko. Mama Funguo aliinama, akasema polepole ili midomo isomeke, "Panya amekufungia mlango." Taa zikaruhusu. Akaenda zake.

Sasa akangoja. Aliijua sheria ya mafundi kama anavyoijua njia ya nyumbani. Mtu yule angetaka kuukata mnyororo, lakini fundi wa kuchomelea angemwambia cheche zitaichoma rangi na kupasua kioo, na hilo asingelikubali hata kwa kiboko. Angekwenda kwa mafundi kufuli. Wa kwanza angeinama, aone nukta tatu, ainuke.

Saa kumi kasoro dakika chache gari la zambarau lilisimama mbele ya kibanda. Mlango wa abiria ukafunguka na Bwana Gazeti akatoka kwa kurudi nyuma, makalio kwanza, jasho limelowesha shati, suruali imechanika pajani ilipokwamia kwenye gia.

"Wewe!" alifoka. "Nimezunguka mafundi wanne! Wote wananiambia nije kwako, kana kwamba wewe ni malkia! Nifungulie gari langu!"

"Ufunguo si wangu," alisema Mama Funguo. "Anao mume wangu. Muombe yeye."

Bwana Gazeti akageuka. Mwalimu alikuwa amekaa mezani, na usoni pake ilionekana wazi kwamba sauti ile ameitambua. Mbele yake kulikuwa na ufunguo mmoja mpya, karibu na mkono uliolala.

"Wewe ulinifuta," alisema Mwalimu taratibu. "Hapana. Uliufuta mlango. Mimi uliniacha."

Bwana Gazeti aliuona mkono, akaondoa macho, akayarudisha. "Ndugu yangu, ajali ni ajali, na nyie mnakwenda…"

"Muulize unachotaka kumuuliza," Mama Funguo alimwambia mumewe, "na asipojibu alale hapo mlangoni kama paka."

Mwalimu akauliza, "Nilikuwa na kasi?"

Hapo Mama Funguo aligundua kwamba amebana nyundo hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Kama mtu huyu angesema ndiyo, hakujua angefanya nini na ile nyundo.

Bwana Gazeti alipangusa jasho kwa kitambaa kilekile. Labda ni uchovu wa kutambaa juu ya gia kutwa nzima. Labda ni ule mkono. "Hapana," akasema. "Ungekuwa na kasi ungeung'oa mlango. Uliugusa tu. Hata rangi haikutoka. Mimi ndiye… nilikuwa natazama gazeti. Nilifungua bila kutazama."

"Sema tena," alisema Mama Funguo.

"Nilifungua bila kutazama."

Mwalimu aliegemea kiti. Alifumba macho, akayafumbua, kisha akausukuma ufunguo juu ya meza kwa mkono wa kushoto, kwa kiganja, polepole, mpaka ukafika ukingoni. Bwana Gazeti alilazimika kuinama kuuokota.

Lakini hakuweza kulifungua kufuli. Pini saba hazitaki papara. Mama Funguo ndiye aliyelifungua, akauviringisha mnyororo begani. "Jumatatu nitapita," alimwambia. "Nikikuta dirisha bado bovu, mnyororo huu bado ninao. Na wa milango ya upande wa abiria ninao pia."

Gari lilipoondoka Mwalimu alimuuliza, "Umemsamehe?"

"Nani? Nimemfungulia tu."

Jumatatu, saa moja na nusu, Mama Funguo alipita katikati ya safu mbili, mnyororo ukiwa kiunoni. Aliendesha taratibu ubavuni mwa gari la zambarau, macho mbele, na kwa mkono mmoja akaugusa ule mnyororo, ukalia kidogo. Dirisha lilikuwa wazi hadi chini, lina kifaa kisicho halisi kinachokoroma. Bwana Gazeti alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani, na kichwa chake kilikuwa kimegeuka nyuma, kikimtazama anavyokuja tangu mbali.