Mlango Uliokwenda Kazini

Kinga ya Tata Kisimba Séraphin ilikuwa na kilo hamsini na mbili. Kinga ni baiskeli. Kolwezi nzima inaiita hivyo na mimi sitabadilisha jina kwa ajili ya mtu. Kilo zenyewe hazikukisiwa. Siku moja vijana watatu waliibeba wakaipandisha kwenye mizani ya depo moja inayonunua madini, na mizani ikasema hamsini na mbili. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa mizani ya depo ile, inavyopunja, walisema, hamsini na mbili ni sitini na tano. Tata Kisimba hakubishana. Alishukuru, akawaomba wale wale watatu waishushe, akaenda kazini.

Kazi yake ni kuandika watoto waliozaliwa. Anakaa meza ya pili katika ofisi ya état civil, na alikuwa ameandika watoto kwa miaka ishirini na sita bila kuchelewa hata siku moja. Kutoka kwake, mtaa mpya kando ya barabara ya Kasaji, mpaka ofisini ni kilomita saba. Alizikanyaga asubuhi, akazikanyaga tena jioni. Mama mwenye beseni la mihogo kichwani alimpita, akamsalimu, akaenda zake. Tata Kisimba aliitikia bila kugeuka, maana ukigeuza shingo juu ya chombo kile, nacho kinataka kugeuka, na kukirudisha njiani ni shughuli.

Mwizi aliiiba mara moja. Walimkuta mita mia mbili kutoka sokoni, ameketi chini, kinga imelala pembeni, anaomba maji. Tata Kisimba alimpa maji.

Uzito huo haukutoka kiwandani. Ulitoka Kasulo, mtaa alikokaa zamani.

Mwaka ule watu wa Kasulo walipogundua kwamba wamelala juu ya kobalti, kila nyumba ilipata shimo lake. Tata Kisimba, mtu wa kalamu, mtu wa kamati ya parokia, alisema yeye hatachimba. Alisema hivyo kwa wiki tatu. Wiki ya nne alikunja mkeka wa saluni, yaani sebule, akasogeza meza, akaanza. Jocelyne, mke wake, alimwambia basi achimbe uani. Akajibu kwamba uani majirani watamwona. Majirani wenyewe walikuwa ndani ya mashimo yao, hawaoni hata jua, lakini ndivyo alivyosema.

Alichimba miezi minne. Alichokipata sikijui, na hakina maana tena, kwa sababu mwezi wa tano, Jumapili, watu wote wako misani, ukuta wa saluni uliingia shimoni. Nyuma yake kabati, nyuma ya kabati nusu ya paa. Hakuna aliyeumia. Waliporudi kutoka kanisani walikuta kitu kimoja tu kimesimama, mlango wa mbele. Ulikuwa mlango wa chuma na fremu yake ya chuma, rangi ya kijani. Jocelyne mwenyewe ndiye aliyeuagiza kwa Gracien, fundi wa kuchomelea, mwaka alipozaliwa Noëlla, binti yao wa kwanza. Ulisimama peke yake, umefungwa vizuri, na ufunguo ulikuwa katika mkoba wa Jocelyne.

Wakahamia kando ya barabara ya Kasaji. Nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, sakafu ya udongo. Jocelyne akauliza mlango unawekwa lini. Tata Kisimba akajibu kwamba pale ni pa kupita tu, watajenga tena Kasulo, na mlango wa Kasulo ni wa Kasulo. Lakini chuma kama kile huwezi kukiacha uani, kesho yake unakikuta kwa mtu mwingine kimepakwa rangi nyingine. Basi akaupeleka kwa Gracien. Gracien akaukata vipande, akavichomelea vyote kwenye kinga. Fremu ikawa mihimili miwili kutoka usukani mpaka nyuma. Bati likawa kiti cha mizigo na vifuniko vya magurudumu. Bawaba zikakaa kwenye uma wa mbele, hazifanyi kazi yoyote, zipo tu.

“Nani ataiiba sasa?” alimwambia mke wake. “Mi nitakuwa naikala juu yake kila siku.”

Jocelyne alimtazama mume wake amekaa juu ya mlango wake.

Huu ni mwaka wa tisa. Kule Kasulo kiwanja chenyewe hakipo, kimekuwa shimo na shimo limeungana na mengine, lakini Tata Kisimba hakupenda kupita kule, kwa hiyo kwake kiwanja kilikuwepo. Kwa miaka yote tisa mlango wa Jocelyne ulitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuandika watoto, ukarudi jioni umechoka. Mlangoni pa nyumba palikuwa na mbao za kreti zilizopigiliwa misumari, juu yake turubai, kisha kamba, kisha jiwe.

Mwaka jana mbuzi wa jirani alisukuma zile mbao, akaingia, akala cheti cha ubatizo cha Noëlla, na alipomaliza akaanza cha ndoa. Jocelyne alimkuta amebakiza muhuri. Jioni ile alimngoja mumewe nje, mikono kiunoni.

“Tata Noëlla, mi nataka mulango yangu.”

“Mama Noëlla, tuko hapa pa kupita tu.”

“Miaka nane tunapita! Hata treni ya Kasaji inafikaka!” Akanyoosha kidole kwenye kinga. “Sikia. Uko na miaka makumi tano na saba. Ile mugulu yako inalia kama bawaba. Siku utashuka chini pa mulima ya reli, siku utaisukuma na mikono, Gracien anaikata na mulango inarudia mulango. Tunapatana?”

Tata Kisimba alikubali papo hapo, akampa mkono kama watu wa biashara. Alikubali kwa sababu hakuwa ameshuka hata siku moja. Ule mwinuko unaanzia mbele kidogo ya pale reli inapokatiza barabara, mrefu, wenye changarawe. Vijana wenye kinga nyepesi wanashuka pale bila haya. Yeye alikuwa anasimama kwenye pedali, anakanyaga moja, anapumua, anakanyaga nyingine, kinga inalia kila mahali ilipochomelewa, mpaka juu. Dakika kumi na nne.

Habari ikafika kwa akina mama wanaouza mikate pale relini, na wao wakajiweka waamuzi. Mkubwa wao, Mama Rachelle, alikuwa anasimama kila asubuhi kumwangalia miguu. Akifika juu, Mama Rachelle anapiga kelele, “Lelo tena hapana!” na wenzake wanarudi kwenye mafuta yao. Jioni Jocelyne aliuliza swali moja tu, “Ulishuka?” Naye alijibu, “Sikushuka.” Wakala bukari, ugali wa kwetu. Mwaka mzima hivyo, na goti la kulia likawa linavimba, naye analifunga kitambaa ndani ya suruali ili mkewe asione. Mkewe ndiye aliyekuwa anafua vile vitambaa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu dada mkubwa wa Jocelyne alifariki Lubudi. Jocelyne akafunga kitenge, akaenda kwenye kilio kwa siku sita. Tata Kisimba akabaki peke yake.

Hapa lazima niseme jambo, hata kama linamwaibisha. Katika miaka tisa hakuwahi kuiona mvua ikiwa inanyesha kwenye nyumba ile. Mvua ya kwetu inapenda alasiri. Siku za kazi ilimkuta ofisini, akangoja iishe, kwa sababu kinga yake kwenye tope ilikuwa inazama mpaka ekseli. Jumamosi na Jumapili alikuwa kwenye kamati ya parokia. Na ikinyesha usiku, alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyekanyaga kilo hamsini na mbili.

Jumamosi ile alibaki nyumbani, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuilinda. Saa tisa mbingu ikawa nyeusi upande wa Kasaji, upepo ukaja, na turubai likamvaa usoni. Alilirudisha, akakaza kamba. Kamba ikakatika. Akasukuma jiwe kwenye mbao, jiwe likarudishwa, nalo si jiwe dogo. Maji yakaingia yakielekea kwenye godoro. Aliita, “Mama Noëlla!” kwa mazoea, halafu akakumbuka aliko.

Ikabidi akae chini, mgongo kwenye mbao, asukume kwa miguu. Viatu vikateleza kwenye udongo. Akavivua. Akatafuta kwa visigino mahali pa kukaza, na visigino vikapata. Sakafuni palikuwa na vishimo viwili.

Vilikuwa na kina cha kikombe, laini, vimesuguliwa mpaka vinang’aa. Vilikuwa karibu mno na mbao, kipimo cha miguu mifupi. Ili avifikie, Tata Kisimba, mwenye miguu mirefu, alilazimika kukunja magoti mpaka kidevuni. Goti la kulia lilimuuma vibaya. Alivitazama vile vishimo muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa kwa mwandiko anaoujua. Si mbuzi aliyevichimba. Yeye mwenyewe aliwahi kuchimba sakafu ya nyumba, akajua hii ni kazi ya miaka.

Mvua ilichukua saa mbili na nusu. Alikaa pale saa mbili na nusu, mgongo ukiloa, na aliona aibu kubwa sana, na mara moja alilia, lakini mvua ilikuwa nyingi.

Jumatatu asubuhi alipanda kinga kama kawaida. Akina mama wa mikate walimwona kwa mbali, Mama Rachelle akasimama. Tata Kisimba alifika kwenye reli, mahali ni tambarare kabisa, akashuka. Akaanza kusukuma.

“Yooo! Tata Kisimba! Mupira inapasuka?”

“Hapana, mama. Jambo yenu.”

“Mugulu inakuuma?”

“Hapana. Mulima ilinishinda.”

Mama Rachelle aliangalia mwinuko, akaangalia reli, akamwangalia yeye. “Lakini ungali pa reli! Mulima ingali kule mbele!”

“Ilinishinda toka pa reli,” alisema Tata Kisimba. Akasukuma mpaka juu, akimsalimu kila mtu, na ile ilichukua dakika arobaini. Siku hiyo alichelewa ofisini. Watoto watatu waliozaliwa walimngoja.

Jioni alimpelekea Gracien ile kinga. Gracien alivua miwani yake myeusi, akakasirika. “Miaka makumi mbili mi niko naongeza,” alisema. “Hakuna mutu alishaniambia nitoshe chuma.” Lakini alikata. Alivipanga vile vipande chini, akavichomelea mpaka mlango ukaonekana, umechakaa, una makovu, rangi ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Walipima kilichotoka, kilo thelathini na tatu. Tata Kisimba akapanda kile kilichobaki, akakanyaga kwa nguvu zake za kila siku, na kinga ikaondoka naye ikamtia mtaroni. Wawili walimvuta. Nyumbani alikwenda kwa miguu, mlango umebebwa mbele yake na watu wanne.

Jumanne Tata Kisimba aliomba ruhusa kazini, akauweka mlango mahali pake, na siku hiyo hiyo Jocelyne alishuka kwenye lori la kutoka Lubudi. Kabla hajafika nyumbani alikuwa amepita relini, na pale relini hakuna habari inayolala. Alifika, akaweka mzigo chini, akautazama mlango. Akaupapasa. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Bawaba zililia.

“Mulima ilikushinda?” aliuliza.

“Ilinishinda.”

“Fasi gani?”

“Pale juu,” alisema Tata Kisimba. “Karibu na mwisho.”

Jocelyne alimtazama. Alijua ni wapi, mpaka na dakika alijua. “Pole,” alisema. “Ulijikaza.” Akaingia ndani kuwasha moto.

Saa tisa mbingu ikawa nyeusi upande wa Kasaji. Upepo ulipokuja Tata Kisimba alifunga mlango, akasukuma komeo. Mlango haukutikisika. Matone yalipiga chuma kwa nje, ndani sakafu ilikuwa kavu, godoro kavu. Alijisikia vizuri, akageuka amwambie mkewe.

Jocelyne alikuwa ameacha sufuria, amekaa chini, mgongo kwenye mlango, visigino ndani ya vile vishimo.

“Mama Noëlla, acha. Iko inajifunga yenyewe.”

“Najua,” alisema.

Hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye godoro. Tata Kisimba alisimama kidogo, hajui aweke wapi mikono. Kisha akavua viatu, akaketi karibu yake, mgongo kwenye mlango, upande ule ambao sakafu ilikuwa bado sawa, wakangoja mvua iishe.