Babu Alipotaga

Nilisomea udaktari wa mifugo nikijua maisha yangu yatakuwa ng'ombe na mbuzi wa shamba. Kisha mtu mmoja akaniletea kasuku aliyejinyonyoa manyoya. Akapona, habari ikaenea, na tangu hapo kila mwenye mnyama wa ajabu Unguja hii hupiga hodi kwangu.

Ndivyo nilivyofika kwa bibi mmoja mjane wa Mji Mkongwe, aliyefuga kobe mkubwa uani. Kobe aliachwa na marehemu mumewe, na nyumba nzima ilimwita Babu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Babu hali kitu. Mchicha hautazami, tikiti halitaki. Kutwa anakwaruza sakafu tu. Mie naona anataka kumfuata mume wangu."

Kucha za miguu ya nyuma zilikuwa zimechubuka kwa saruji. Nikamwomba kijana wa jirani, aliyekuja kutazama, amwinue kobe kidogo upande, nami nikaingiza vidole mbele ya mguu wa nyuma. Nikagusa kitu kigumu, cha duara. Halafu kingine.

Kicheko kikanitoka.

"Bibi, Babu ana mayai."

"Ana nini?"

"Mayai. Huyu jike. Anatafuta pa kuchimba atage, na hapa hapana udongo."

Bibi akajishusha kwenye ngazi. "Yarabi! Na mie kila nikipita mbele yake hujitanda kanga!"

Kichochoro chake hakipiti gari, kwa hiyo mchanga tuliuleta kwa vespa, gunia baada ya gunia, tukaumwaga pembeni mwa ua. Tukajificha nyuma ya mlango. Baada ya alasiri kobe akauendea, akageuka, akaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma, taratibu, kama anayeogopa kuamsha watu. Wanawake wa jirani walikuwa wameshajaa nyuma yetu. Kila yai likidondoka, mmoja wao alinong'ona, "Bismillahi."

Alipomaliza kufukia, vigelegele vikavuma mtaa mzima. Jirani mmoja akaja na sufuria ya uji wa pilipili manga, kama anavyopelekewa mzazi.

Nikaona lazima niseme. "Bibi, hana dume. Mayai haya hayataanguliwa."

"Yasianguliwe! Mzazi wangu mzima, mie nataka nini tena?"

Kobe hakuutazama uji. Tukaunywa sisi, tumekaa chini uani, midomo inawaka, bibi anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la kanga.